Gundi ya jino inadumu maana yake nini hasa

Ukizibwa jino kwa ile dawa nyeupe ya rangi ya jino, inayoshikilia pale sio dawa yenyewe, ni gundi nyembamba sana iliyopakwa chini yake ikapigwa taa ya bluu ikakauka. Sasa watu wakisema gundi imedumu hawamaanishi ilivyoshika siku ile umetoka kwa daktari, maana siku ile karibu zote zinashika vizuri, wanamaanisha miaka kadhaa baadae, baada ya chai ya moto na maji ya friji na kutafuna kila siku, bado imeshika au maji yameshapita.

Hapa lazima utofautishe sehemu mbili za jino. Enameli, ile ngozi ngumu ya nje, karibu 96% ya uzito wake ni madini, ukiipaka asidi ya fosforiki inatoboka vishimo vidogo vidogo, gundi inaingia na kung'ang'ania humo, mtafiti wa meno Buonocore wa Marekani alilionyesha hili 1955 na mpaka leo huko ndiko inakodumu zaidi.

Shida iko kwenye dentini, ya ndani. Hii ina maji, ina vimirija, ina nyuzi za kolajeni (aina ya protini), na asidi ikishaondoa madini zile nyuzi zinabaki kama dodoki. Ukilikausha sana linasinyaa gundi haipenyi, ukiliacha limelowa sana gundi inachanganyika na maji, ndo maana unamwona daktari anapuliza hewa kidogo tu halafu anaangalia, anapuliza tena. Gundi ikipenya kwenye dodoki hilo na kukauka humo linapatikana tabaka mseto, yaani gundi na nyuzi zimeshikana, mtafiti Nakabayashi wa Japani alilieleza 1982. Lakini mara nyingi gundi haifiki mpaka chini kabisa, zinabaki nyuzi tupu, na hapo ndipo panapoanza kuharibika taratibu: maji yanavunja gundi yenyewe, na jino lina vimeng'enya (enzaimu) vyake ambavyo asidi inaviamsha vikaanza kula zile nyuzi. Yaani hata ukipiga mswaki vizuri namna gani hili linatokea kwa ndani, kwa hiyo jamani tusimlaumu kila mgonjwa kwamba hajitunzi.

Maabara wanapima kama gundi inadumu kwa kukata jino lililong'olewa na kuzibwa kuwa vijiti vya kama milimita 1, wanaviloweka kwenye maji ya nyuzijoto 37 miezi 6 au mwaka halafu wanavivuta mpaka vikatike, wanalinganisha na vile vya siku ya kwanza.

Njia ya kupunguza huko kuharibika kwa gundi ipo, wengine wanapaka klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kutuliza vimeng'enya, na kuna gundi zenye kemikali iitwayo MDP ambayo inashikana na kalsiamu ya jino na chumvi inayotokea haiyeyuki kirahisi kwenye maji. Ila mimi naona kikubwa ni mate yasifike pale wakati wa kupaka, kwa hiyo daktari akikufunika na kile kimpira jino likachungulia peke yake, vumilia, usikitoe.