Je, wajua mwandishi wa matangazo anaweza kujifunza nini kwa wapiga jazi?

Fungua redio yoyote ya Kampala asubuhi, wakati teksi zimekwama kwenye foleni ya Barabara ya Jinja, usikilize matangazo ya biashara. Jina la duka, bei, punguzo, mahali lilipo, namba ya simu, namba ya simu mara ya pili, na yote hayo ndani ya sekunde 30. Mtangazaji anayakimbiza kwa sababu aliyeyaandika hakumwachia hata pa kuvuta pumzi. Bidhaa huenda ni nzuri kabisa, lakini abiria hakupata nafasi ya kuifikiria.

Wapiga jazi wanalijua tatizo hili vizuri, na ndiyo maana nasema anayeandika matangazo, iwe kwa Kiswahili, Kiganda au Kinyankole, atafaidika akiwasikiliza kwa makini. Wanajua kuacha nafasi. Tena wanajua kwamba uhuru wa kubuni papo kwa papo unasimama juu ya umbo ambalo kila mmoja jukwaani analifahamu.

Tuanze na umbo lenyewe. Jazi ilichipuka New Orleans, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, na mmoja wa mizizi yake ni bluzi ya watu weusi. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Humo mnaingia mistari mitatu: mwimbaji anasema jambo, analirudia karibu vilevile, kisha mstari wa tatu unalijibu. Kila mstari una vipimo vinne, ila maneno huchukua takriban viwili tu. Vinavyobaki ni vya ala. Mwaka 1925 Bessie Smith alirekodi St. Louis Blues, wimbo wa W. C. Handy, akisindikizwa na kinanda cha kukanyaga na koneti, aina ya tarumbeta ndogo, ya Louis Armstrong, basi. Smith anaimba, ananyamaza, Armstrong anajibu. Hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Jaribu umbo hilo kwa taa ya sola inayouzwa Kikuubo, eneo la maduka la Kampala:

Umeme umekatika tena.
Umeme umekatika tena, na mtihani ni kesho.
Lete ile taa ya sola, mwanangu, tuendelee.

Baada ya mstari wa kwanza kuna kimya. Baada ya wa pili unasikika mguno wa mtoto aliyefunga daftari. Baada ya wa tatu, swichi inabofywa na kurasa zinafunguliwa upya. Jina la duka linafuata hapo, mara moja, taratibu. Huko kurudia kuna kazi yake: mara ya kwanza msikilizaji anapata habari, mara ya pili anaanza kungoja kitakachofuata. Mzazi yeyote, awe Mbale au Mbarara, ameshajijazia mwenyewe hasira ya umeme kukatika, na hukutumia neno hata moja kuieleza. Bei haimo, kwa sababu inafaa zaidi kwenye bango la dukani, mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kuisoma.

Miles Davis, mpiga tarumbeta, alilifikisha suala hili la nafasi mbali sana. Albamu yake Kind of Blue ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu za mwaka 1959, Machi 2 na Aprili 22. Bill Evans, aliyepiga piano kwenye sehemu kubwa ya kazi hiyo, aliandika kwenye jalada la albamu kwamba Davis alifika na michoro mifupi ya nyimbo aliyoitunga saa chache kabla. Katika So What, wimbo wa kwanza, besi ndiyo inayotangulia kusema, na wenzake wanaijibu kwa sauti mbili fupi. Wanarudia, wanabadili kidogo sehemu ya katikati, wanarudi, na vipimo 32 vimekwisha. Kisha kila mpiga solo anapita juu ya umbo hilohilo. Natamani wenye biashara wetu wangeisikia albamu hii kabla ya kumwita mwandishi, maana wengi humkabidhi kurasa tele za maelekezo wakidhani ndiyo msaada. John Coltrane, mpiga saksafoni wa albamu hiyo, alipewa michoro ile ile mifupi, na bado anasikika kama Coltrane.

Charlie Parker, mpiga saksafoni, ana somo fupi zaidi. Ko-Ko, aliyoirekodi mwaka 1945, imekaa juu ya msingi wa Cherokee, wimbo wa Ray Noble wa mwaka 1938. Msingi ni wa zamani, sauti ya juu ni mpya kabisa. Sabuni na sukari zimetangazwa kwa miaka mingi, na sababu ya mtu kuzinunua haijabadilika; kinachohitaji kubuniwa upya ni njia ya kuisema.

Hapa Uganda tuna shule yetu ya jambo hili, na huwa nasikitika ikisahaulika. Kwenye amadinda, marimba ya Buganda yenye mbao 12, wapigaji wawili huketi wakikabiliana. Wa kwanza, omunazi, anaanza mfululizo wake kwa mwendo usiobadilika. Wa pili, omwawuzi, anatia nota zake katikati ya zile za mwenzake, kila moja ndani ya pengo. Wa tatu, omukoonezi, anagonga mbao mbili tu za mwisho. Masikio yako yanaunganisha yote na kusikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Bigwala, muziki wa tarumbeta za mabuyu wa Busoga, ambayo UNESCO iliitia mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, inafanana na hiyo: kila mpuliza buyu ana sauti moja.

Mwandishi wa bango au wa video fupi ya simu yumo kwenye kundi kama hilo, pamoja na mpiga picha na mtazamaji. Picha ikionyesha chapati ikivimba juu ya kikaango, maneno hayana haja ya kusema chapati ni laini. Yaseme jambo ambalo picha haiwezi kulisema: unga gani, unapatikana wapi. Mtazamaji ataongeza njaa yake.

Kuna pia siku mambo yanapoharibika. Mwaka 1960, akiimba Mack the Knife mjini Berlin, Ella Fitzgerald alisahau maneno. Hakusimama. Alitunga mengine palepale, akaimba kwamba amesahau, akaigiza na sauti ya Armstrong, na rekodi hiyo ikamletea tuzo ya Grammy. Aliweza kwa sababu wimbo wenyewe alikuwa ameushika barabara.

Matangazo mengi ya redio zetu husomwa moja kwa moja hewani, katikati ya simu za wasikilizaji. Mtangazaji akipewa aya nzito, akikosea neno moja anaanza upya kwa kigugumizi. Mpe mambo matatu ayashike: jina, faida moja, na mahali. Sehemu iliyobaki mwachie wazi. Atakayesoma Malaba, kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka, hatayasema kama atakayesoma Arua, na mwandishi hana sababu ya kuwazuia.