Je, wajua kwa nini mtungi hupoza maji vizuri Dodoma kuliko Dar es Salaam?

Jaza ndoo ya plastiki na mtungi wa udongo maji ya bomba moja asubuhi, uviweke vyote kivulini. Alasiri maji ya ndoo yatakuwa vuguvugu kama hewa ya chumba, na ya mtungi yatakuwa baridi. Hapana barafu, hapana umeme. Siri iko kwenye ukuta wa mtungi: unavuja. Unavuja polepole mno hata huoni tone likidondoka, ila ukipitisha kiganja kwa nje unasikia ubichi. Husemwa kwamba mtungi unatoka jasho, na usemi huo ni wa kweli hasa, kwa sababu mwili wako nao hujipoza kwa njia hiyohiyo.

Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na mchanga au vigae vilivyotwangwa, kisha chombo kikikauka huchomwa kwa moto wa wazi wa kuni na nyasi. Ndivyo wanavyofanya wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na wafinyanzi wengine wengi. Moto wa namna hiyo kwa kawaida haufiki nyuzijoto 1,000. Unatosha kuufanya udongo uwe mgumu usirudi tope ukiguswa na maji, lakini hautoshi kuziyeyusha chembe zake zikagandana na kuziba nafasi zilizo kati yake. Hubaki vitundu vidogo visivyohesabika vinavyopitisha maji kutoka ndani hadi nje. Kikombe cha kauri cha dukani huchomwa kwa moto mkali zaidi na kupakwa utando wa kioo, ndiyo maana hakitoki jasho hata ukikijaza mwaka mzima.

Maji yakifika nje hugeuka mvuke, na kugeuka mvuke kunakula joto jingi sana. Joto hilo sharti litoke mahali, na jirani wa karibu ni ukuta wa mtungi na maji yaliyomo. Hesabu yake ni hii: gramu 100 za maji, ambazo hazifiki nusu ya glasi, zikigeuka mvuke huchukua joto la kutosha kushusha lita 10 kwa takriban nyuzi 6. Mtungi halisi hupoteza zaidi ya hapo, kwa kuwa hewa ya nje haiachi kuurudishia joto. Kwa hiyo ukiona mtungi wa lita 10 umepungua glasi mbili tatu kwa siku, haujaharibika. Hiyo ndiyo bei ya ubaridi.

Sasa, kwa nini mtungi uleule ukihamishwa kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam watu husema umekufa?

Hewa ina kiasi cha mvuke inachoweza kubeba. Hewa ya pwani wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, tayari imebeba mvuke mwingi wa bahari, hivyo jasho la mtungi linakosa pa kwenda. Tuseme hewa ina nyuzi 32 na unyevu wake ni asilimia 75. Hapo maji hayawezi kushuka chini ya nyuzi 28 hivi, hata mtungi uwe mzuri namna gani. Kwa nyuzi hizohizo 32 lakini unyevu wa asilimia 30, kama hewa ya bara kavu kabla ya mvua, kikomo kinashuka hadi karibu nyuzi 20. Nyuzi 28 mdomoni ni maji ya kawaida tu. Nyuzi 20 yanaburudisha. Mtungi wako husimama juu kidogo ya kikomo hicho, haukifikii kabisa.

Kikomo cha nyumbani kwako unaweza kukipima mwenyewe. Chukua kipimajoto cha ukutani, funga kitambaa chepesi cha pamba kilicholowa kwenye ncha yake, kisha upepee kwa ubao au gazeti kwa dakika tano. Namba itakayosimama ndiyo kikomo. Pima saa nane mchana na upime tena usiku, uone ni wakati gani hewa yako iko tayari kupokea mvuke.

Kanuni hii hii inaeleza kosa moja la mijini wakati wa joto, nalo ni kutundika shuka au kanga mbichi dirishani ili chumba kipoe. Dodoma au Lodwar, penye hewa kavu na upepo unaopita, inasaidia kweli. Mombasa au Tanga ndani ya chumba kilichofungwa, shuka hiyo inaongeza unyevu, jasho la mwili linashindwa kukauka, na unaamka umenata kuliko ulivyolala. Pwani heri ufungue madirisha mawili yanayotazamana na uachie feni.

Anayeishi pwani asiutupe mtungi wake. Hata nyuzi tatu nne zina maana, na mahali unapouweka panaweza kukupa zaidi. Uweke kivulini penye upepo, kwenye baraza au karibu na dirisha, si pembeni nyuma ya kabati. Uinue juu ya kigoda cha mbao au matofali mawili yaliyoachana ili hewa ipite hadi chini ya kitako. Wengine huukalisha juu ya mchanga mbichi, na hilo ni jambo jema kwa sababu mchanga nao unatoa mvuke. Uujaze jioni: usiku hewa imepoa, na asubuhi unaanza na maji yaliyokwisha kushuka.

Kinachoua mitungi mingi ni kuziba kwa vitundu. Rangi ya mafuta au vanishi inayopakwa nje ili mtungi upendeze inaugeuza kuwa ndoo nzito. Ukitaka mapambo, nunua uliochorwa kwa udongo wa rangi kabla ya kuchomwa. Adui wa pili ni chumvi ya maji yenyewe. Maji ya visima vingi vya bara na vya pwani yana chumvi na chokaa, na yanapokauka kwenye ukuta wa nje chumvi haigeuki mvuke, inabaki. Baada ya miezi kadhaa utaona unga au ukoko mweupe. Usugue kwa brashi ngumu na maji ya ndimu au siki, usuuze, kisha uuache mtupu juani siku nzima. Sabuni usiitumie kamwe, kwa kuwa udongo unainywa na utaionja kwenye maji kwa siku nyingi. Ndani, ute wa kijani unasuguliwa kwa mchanga safi na maji, kila wiki. Mtungi uliosuguliwa mara nyingi na bado nje ni mkavu umeshafika mwisho wake. Uhamishie bustanini, au utwange vigae.

Ukinunua mpya, ugonge kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama kengele ni mzima. Ukitoa sauti butu una ufa. Uloweke ndani ya maji saa 24, mwaga maji ya kwanza na ya pili, ambayo huwa na ladha ya vumbi na moshi, ndipo uanze kuutumia.

Jambo moja lisifichwe na utamu wa ubaridi: mtungi haukusafishii maji ya kunywa. Vitundu vinapoza, haviui vijidudu. Chemsha maji, yaache yapoe sufuriani yakiwa yamefunikwa, ndipo uyamimine, kwa sababu maji ya moto yanaweza kuupasua mtungi. Mara nyingi uchafu unaingia baadaye, mkono unapozama pamoja na kikombe. Tumia kata ya kifuu yenye mpini mrefu, inayotundikwa na isiyowekwa chini. Nyanza, nchini Kenya, wafinyanzi walianza kutengeneza mitungi yenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba dogo chini ili mkono usiingie kabisa. Huo ndio muundo ambao ningependa kuuona kila soko.

Mboga nazo zinanufaika. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa kaskazini mwa Nigeria alipata Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza chungu ndani ya chungu: viwili vya udongo, mchanga mbichi katikati, kitambaa kibichi juu. Ilielezwa kwamba bilinganya zilizokuwa zikioza kwa siku 3 zilidumu hadi siku 27 humo. Ukitengeneza chako, acha nafasi ya vidole vitatu kati ya vyungu, ziba tundu la kitako kama lipo, na unyweshe mchanga asubuhi na jioni. Mchanga wa baharini haufai, chumvi yake itaziba vitundu vya vyungu vyote viwili. Weka nyanya, karoti, bamia, pilipili hoho. Vitunguu visiingie, vinataka hewa kavu na vitaota au kuoza. Nyama na maziwa pia visiingie: hivyo vinahitaji nyuzi 4 au 5, na hapana chungu kinachofika huko.

Bustanini mtungi unafanya kazi nyingine kwa vitundu vilevile. Maandishi ya kilimo ya China ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita tayari yanaeleza kufukia vyungu vya maji kati ya mimea. Chukua mtungi wa lita 5 hadi 10, hata ule uliozeeka kiasi, uufukie hadi shingoni, ujaze maji, na upande miche ya nyanya au matango kuuzunguka, umbali wa kiganja kimoja kutoka ukutani. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia vitundu. Ukiloa, unaacha kuvuta. Juu panabaki pakavu, kwa hiyo jua la mchana halipati cha kukausha na magugu hayapati cha kunywa. Utajaza kila baada ya siku tatu hadi tano badala ya kumwagilia kila jioni. Ukiona maji hayapungui kabisa wakati miche inanyauka, ukuta umeziba. Yakiisha kwa usiku mmoja, kuna ufa.

Shingo inayobaki juu ya ardhi ifunikwe kwa kigae au jiwe bapa lililokaa sawasawa, na mtungi wa maji ya kunywa ulio nyumbani ufunikwe vilevile. Mbu anayeeneza dengue hutaga hasa kwenye maji safi yaliyotulia ya vyombo vya nyumbani, na Dar es Salaam iliugua dengue mwaka 2014 na tena 2019. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja tu wakati wa joto. Kifuniko kilichovunjika kibadilishwe siku hiyohiyo.