Ulemavu si magongo tu
Kijana mpiga kiwi karibu na stendi ya Moshi, mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili) na kidonge chake cha kila jioni, huambiwa: “Mkopo wa walemavu wewe wa nini, miguu si unayo?” Maneno ya siku nyingi hayo, na si kweli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataja sababu za kimwili, kiakili, hata za kijamii. Kinachoangaliwa ni jinsi mtu anavyozuiwa kushiriki maisha kama wenzake. Ugonjwa ukimzuia hivyo, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kukopesha watu wenye ulemavu, inamhusu. Haina riba, ila ni mkopo, unarejeshwa (hapo wengi hujisahaulisha). Aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na karatasi ya daktari mkononi.