Imeili ya "thibitisha usajili wako": watu wengi wanaielewa ndivyo sivyo

Ukijiunga na orodha ya kutumiwa imeili, mara nyingi kwanza unaletewa imeili yenye linki ya kubofya ili uthibitishe. "Nishaandika imeili yangu na nishabonyeza jiunge, sasa wananiuliza nini tena?" Hii ndo malalamiko namba moja. Ukweli ni kwamba ile fomu haimjui aliyeijaza, yeyote anaweza kuweka anwani yako pale, au wewe mwenyewe ukateleza kidole ukaandika gmial badala ya gmail. Linki ya kuthibitisha ina msimbo wake wa pekee (code) na imetumwa kwenye anwani hiyo tu, kwa hiyo anayeibofya lazima awe anaweza kufungua inboksi hiyo.

"Aah, nani ahangaike kunisajili mimi?" Wapo, tena wengi, ila sio watu, ni boti, yaani programu za kompyuta zinazojiendesha zenyewe. Agosti 2016 zilijaza anwani za watu, nyingi zikiwa za serikali ya Marekani zinazoishia na .gov, kwenye fomu kibao zisizo na uthibitisho, inboksi zikafurika hazitumiki. Matapeli nao wanaupenda sana mchezo huu, wananunua kitu kwa kadi yako halafu dakika hiyohiyo wanakumwagia mamia ya "karibu, asante kwa kujiunga" ili imeili ya benki izame humo usiione. Kwa hiyo ukiona mvua ya namna hiyo usikimbilie kufuta zote, katafute kwanza ya benki au ya duka.

Imeili moja ya kuthibitisha usiyoiomba? Achana nayo. Wengine wanadhani lazima wabofye ili kujitoa wakati hata hawajaingizwa. Na ikikuomba paswedi au namba ya kadi, huo ni wizi.

Wenye orodha nao wana yao, eti uthibitisho unafukuza watu. Ni kweli namba inapungua, sibishi, lakini waliobaki ndo wanaosoma. Tangu Februari 2024 Gmail inataka malalamiko ya spamu (wapokeaji wanaoripoti imeili zako kuwa barua taka) yasifike asilimia 0.3, yaani watatu tu kwenye elfu, sasa wewe jaza majina ya watu wasiokujua uone imeili zako zitaishia wapi. Sheria ya data ya Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, haijataja linki popote ila inakudai uonyeshe kwamba mtu alikubali, na ushahidi rahisi kuliko huo sijauona.

Kama ya kwako haijafika cheki spamu mapema, maana linki nyingi zina muda, ikifa unajisajili upya.