Sera za Kivinjari kwa Ofisi Yenye Matawi: Anza na Viendelezi

Katika ofisi ninazohudumia hapa Kisumu, sehemu kubwa ya kazi hufanyika ndani ya kivinjari: mhasibu hujaza marejesho ya kodi kwenye iTax, na keshia wa sacco hufungua akaunti za wanachama. Hata hivyo, hiyo ndiyo programu ambayo kampuni nyingi humwachia kila mfanyakazi aipange apendavyo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari. Kiendelezi kilichopewa ruhusa ya kusoma na kubadilisha data katika tovuti zote huona kila anachokiona mtumiaji, yakiwemo salio la mwanachama na nambari yake ya kitambulisho, ambavyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka kampuni ivilinde. Kwa hiyo, katika Chrome na Edge, sera (mpangilio ambao msimamizi huwawekea watumiaji) ninayoiweka kwanza ni ExtensionInstallBlocklist yenye alama ya nyota, inayozuia viendelezi vyote, kisha ninaorodhesha vinavyokubalika katika ExtensionInstallAllowlist kwa kutumia kitambulisho cha herufi 32 cha kila kimoja. Ni muhimu kuuliza kila idara mapema inatumia nini, kwa sababu sera hii huzima hata viendelezi vilivyokwisha kusakinishwa, na mtumiaji hawezi kuviwasha tena mwenyewe.

Mahali penye Active Directory, yaani mfumo wa Microsoft wa kusimamia kompyuta na watumiaji wa ofisi kupitia seva ya domeni, violezo vya ADMX vya kivinjari (faili zinazoorodhesha sera zake) huwekwa katika folda ya PolicyDefinitions ndani ya SYSVOL, folda ya pamoja ya seva hiyo, na sera husambazwa kwa Group Policy, njia ya mfumo huo ya kupeleka mipangilio kwenye kompyuta. Kompyuta husasisha sera hizo kila baada ya dakika 90, pamoja na nyongeza ya nasibu isiyozidi dakika 30. Firefox nayo ina violezo vyake, na tangu toleo la 60 la mwaka 2018 hukubali pia faili ya policies.json iliyo katika folda ya distribution, penye programu yenyewe.

Ugumu huanza kwenye matawi. Kompyuta ya mkononi iliyoko Busia au Siaya, isiyofikia seva ya domeni iliyoko Kisumu, haiwezi kupokea mabadiliko ya Group Policy. Kwa mashine za aina hiyo ninapendelea usimamizi wa Chrome kupitia wingu, ambapo kivinjari husajiliwa kwa tokeni (msimbo wa usajili) na kuchukua sera popote penye intaneti.

Jambo ambalo wasimamizi wengi hulipuuza ni tofauti kati ya sera ya lazima na sera inayopendekezwa. Ya lazima humfungia mtumiaji mpangilio. Inayopendekezwa humpa chaguo la kuanzia, naye anaweza kulibadilisha. Ninaamini masuala ya usalama yanastahili kufungwa, lakini sioni sababu ya kumlazimisha mtu ukurasa wa mwanzo, kwani mfanyakazi anayebanwa katika mambo madogo hutafuta njia ya kukwepa hata yale makubwa.

Baada ya kusambaza, fungua chrome://policy, edge://policy au about:policies kwenye mashine ya mtumiaji halisi, si kwenye yako. Katika Chrome, angalia hasa safu inayoonyesha chanzo cha kila sera: mashine inapopokea sera moja kutoka Group Policy na pia kutoka kwenye wingu, ile ya Group Policy ndiyo hushinda, isipokuwa umewasha CloudPolicyOverridesPlatformPolicy.