Skripti isubiri dirisha, isihesabu sekunde

Maduka mengi ya jumla ninayoyahudumia Kariakoo yanatumia programu za stoo za zamani zisizopokea faili la Excel. Karani anakopi namba ya bidhaa, anapesti, anabonyeza Tab, anakopi bei, anapesti, mpaka jioni. Kazi ya namna hiyo naikabidhi AutoHotkey, programu ya bure ya Windows iliyoanza mwaka 2003. Unaandika maagizo, yaani skripti, kwenye Notepad, unahifadhi faili lenye mwisho wa .ahk, unalibofya. Kwenye vitufe vya kuiamsha, alama ^ ni Ctrl na ! ni Alt, kwa hiyo ^!r ni Ctrl+Alt+R.

Balaa huanza pale mtu anapoijaza skripti Sleep kila baada ya mstari. Sleep(2000) husubiri sekunde 2 tu, dirisha lifunguke lisifunguke. Kompyuta ya dukani ikielemewa, antivirusi inakagua huku risiti zinachapwa, sekunde 2 hazitoshi. Bei inaandikwa kwenye dirisha jingine, na hakuna anayeshtuka hadi siku ya kuhesabu mzigo.

Mimi huandika hivi, kwa toleo la 2 la AutoHotkey:

```
^!r::
{
    if !WinWait("ahk_exe stoo.exe", , 10)
    {
        MsgBox("Programu ya stoo haijafunguka.")
        return
    }
    ControlSetText("4500", "Edit2", "ahk_exe stoo.exe")
}
F12::ExitApp
```

WinWait husubiri dirisha lenyewe, hadi sekunde 10. Likichelewa, skripti inasema na kuacha. Nimetaja faili la programu, stoo.exe, kwa makusudi: toleo la 2 hutafuta neno popote kwenye kichwa cha dirisha, kwa hiyo ukiandika "Stoo" peke yake linaweza kukamata hata ukurasa wa intaneti. Edit2 ni jina la kisanduku cha bei. Majina hayo utayaona kwenye Window Spy, inayokuja na AutoHotkey. Ni salama kuliko kubofya kwa vipimo vya skrini, maana mtu akisogeza dirisha kidogo tu, vipimo vyote vimeharibika. Zipo programu zisizoonyesha majina ya visanduku. Huko rudi kwenye Send, agizo linalobonyeza vitufe kana kwamba ni mtu, shingo upande.

F12 ni ya dharura: inaizima skripti. Mfundishe karani hiyo kwanza kabla ya yote.

Na kama kila kitu kiko sawa lakini skripti haigusi chochote, angalia kama stoo imefunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Windows huizuia skripti ya kawaida kuiendesha programu ya aina hiyo. Skripti nayo ifungue kwa mamlaka hayo hayo.