Mseto si nyoyo

Wiki hii nimeona posta (bango) ingine hapa Kisumu, maonyesho ya wanafunzi, imeandikwa kwa herufi kubwa "biskuti hizi zimeundwa na timu mseto", na ukiuliza vijana wenyewe wanakwambia ati huyu anasoma uinjinia, yule biashara, huyu mwingine lishe, basi, si hiyo ndiyo mseto? Ni ya nne ama ya tano mwaka huu. Nikasema leo wacha niandike.

Maana yenyewe haichukui muda. Timu mseto ni watu wa taaluma tofauti wanaounda bidhaa moja kwa pamoja, kuanzia swali la kwanza hadi siku inauzwa. Nimemaliza. Shida iko hapo kwa "kwa pamoja", ambapo kila mtu anaruka.

Sasa neno lenyewe. Mseto linatoka kwa kitenzi seta, yaani kuponda kitu hadi kilainike. Kwa watu wa pwani mseto ni chakula kwanza, mchele na pojo (sisi huku tunaita ndengu) vikipikwa chungu kimoja hadi vishikane. Wengi wetu wa bara tulilijulia kwa siasa, 2008, Kibaki na Raila wakatia saini mwezi wa Februari, tukapata serikali ya mseto na mawaziri 40, huyu wangu yule wako, na watu wakaiita nusu mkate. Mimi nafikiri hapo ndipo neno liliharibika, maana mkate ukikatwa nusu haujasetwa, umegawanywa tu, na mpaka leo mtu akisikia mseto anafikiria kila upande umepewa kiti chake.

Chukua nyoyo, yaani githeri. Mahindi na maharagwe, sufuria moja, moto mmoja, na bado mtoto mchaguzi anaweza kaa hapo atoe maharagwe moja moja hadi abaki na mahindi matupu. Hiyo ni timu ya taaluma nyingi, na sisemi vibaya, nyoyo inashibisha. Alafu chukua mushenye, viazi vitamu na maharagwe vimepondwa, ujaribu kutoa viazi vyako hapo. Mtu atasema ata kwa mushenye bado ganda la haragwe linaonekana. Ndio, na ndio maana naupenda huo mfano, injinia hageuki kuwa mtu wa lishe, anabaki injinia, lakini chumvi ya wenzake imemwingia.

Kuna wasomi wawili Wajapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, 1986 waliandika vile kampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox zilikuwa zinaunda bidhaa mpya haraka. Wakasema njia ya zamani ni mbio za kupokezana kijiti, idara moja inakimbia, inamaliza, inampa anayefuata, na ile ingine ni raga, timu nzima inasonga pamoja mpira ukizunguka kati yao. Mtu wa Nakuru ambaye amewahi kukaa kwa mashindano ya raga ya Prinsloo Sevens hahitaji kuelezwa. Na mimi naongeza kitu kimoja, kwa raga mpira ukiwa mkononi unapasiwa nyuma ndio timu iende mbele. Kwa bidhaa ni vivyo hivyo, kazi inamrudia mtu aliyedhani amemaliza, na hapo ndipo wengi wanakasirika wanasema wanasumbuliwa.

Mimi mwenyewe nilikuwa kwa projekti moja, chuo sitataja, draya ya kukausha omena (dagaa) kwa jua. Ilikuwa kijiti tupu. Mainjinia wakachora, wakachomelea, wakatuachia sisi wa biashara tutafute wateja, tukaibeba hadi Dunga, ufuoni hapa Kisumu, mama mmoja anayeuza omena akaizunguka polepole akauliza, "Sasa wanangu, hii trei ya juu nitaifikia na nini?" Miezi mitano ya kazi. Na huyo mama alikuwa hapo siku zote, matatu moja tu kutoka darasani. Mwisho wa muhula mainjinia walikuwa wamejifunza kuchomelea, kitu walikuwa wanajua tayari, na sisi tukajifunza kupamba slaidi.

Inachekesha kwa sababu taaluma ni neno la asili ya Kiarabu, ukoo mmoja na elimu na mwalimu, na huko lilikotoka ni kujifunza. Sisi tumelifanya kama kabila, mtu anazaliwa nalo, ukimuuliza injinia bei ya trei anasema hiyo si taaluma yangu.

Kwa hivyo vijana wa ile posta, sijakasirika na nyinyi, na biskuti zilikuwa tamu, nilinunua pakiti mbili. Lakini kama yule wa biashara alizionja mara ya kwanza siku ya maonyesho, andikeni tu "timu ya taaluma tatu". Ni ukweli, na hakuna mtu atawanyima zawadi kwa hiyo.